Kitendawili, Tega: Jukwaa la Simu kwa Walioumia Ubongo

(Hotuba hii niliitoa Tanga mbele ya wauguzaji, familia na wasanii wenzangu. Waliokosa kufika wameniomba niiweke yote, nami naiweka kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha. Nusu yake zilikataa kufunguka hata siku yenyewe.)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, habari za asubuhi. Na nyinyi mnaosikiliza kwa simu kutoka nyumbani, mliojilaza, mliozima kamera, mko hapa pamoja nasi. Viti vyenu tumeviacha wazi pale mbele.

Kitendawili!

(Ukumbi: Tega!)

Asanteni. Kabla sijatega, niambieni jambo moja. Nani kati yenu alifikiri kwanza ndipo akasema "tega"? Nani alilitafuta neno lile? Hakuna. Limewatoka kama chafya. Basi lishikeni, nitalihitaji baadaye.

Mimi ni mtu wa jukwaa. Si daktari, na nikisema jambo la kidaktari hapa nitasema lile tu ambalo nimelisoma vizuri. Kilichoniingiza kwenye habari za ubongo ni mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 30. Mnazikumbuka ngonjera? Zile zilizoenea mashuleni baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, watoto wanapangwa safu mbili, safu hii inauliza, safu ile inajibu, mgeni rasmi anatoa jasho kwenye suti? Pale shuleni kwake ngonjera zilikuwa zake. Alizitunga yeye, akazifundisha yeye, na siku ya sherehe alisimama pembeni akihesabu mizani kwa kidole kwenye mshono wa suruali.

Alfajiri moja, akiwa anatawadha, kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukalala. Maneno yakaondoka yote, likabaki moja. Mnajua lipi? "Bado."

Umekula, mjomba? Bado. Unaumwa? Bado. Huyu ni nani? Tunamwonyesha mke wake, waliyezaa naye watoto watano. Bado.

Siku za mwanzo tulicheka, na yeye alicheka. Halafu kicheko kikaisha. Watu wakaanza kusema juu yake mbele yake. "Mgeuze." "Mpe uji." "Amelala vizuri?" Anaulizwa mkewe, na mwenyewe yuko pale pale, macho wazi! Wanafunzi wake wa zamani walikuja mara moja, mara mbili, kisha wakawa wanatuma salamu. Na hospitali moja ikatuambia tumpeleke nyumbani akapumzike. Apumzike hadi lini? Hatukuambiwa.

Nikaanza kusoma. Nikakuta kwamba mjomba ana ndugu yake Paris. Mwaka 1861 daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aliyekwisha kukaa hospitali ya Bicêtre miaka 21. Alikuwa anasikia, anaelewa, ila akiulizwa lolote hujibu "tan, tan". Jina lake lilikuwa Leborgne, lakini hospitali nzima ilimwita Tan. Alipofariki, Broca akaufungua ubongo wake akakuta jeraha upande wa kushoto, kwa mbele. Ndipo wataalamu wakaanza kukubaliana kwamba usemi, kwa watu wengi, umekaa upande wa kushoto. Hali hiyo ya kupoteza maneno huku akili ipo, leo huitwa afasia.

Mimi kilichonikaa moyoni ni jina. Miaka 21, na watu wanakuita kwa neno lile moja lililobaki mdomoni mwako. Nilikwenda nyumbani nikawakataza watoto wasimwite mjomba "Babu Bado". Walikuwa wameshaanza.

Sasa sikilizeni ajabu. Tangu karne ya 18, huko Sweden, iliandikwa habari ya mtu aliyepoteza usemi baada ya ugonjwa, lakini kanisani aliimba nyimbo alizozijua, maneno yote yakitoka safi. Na karne hii mlimsikia Gabrielle Giffords, aliyekuwa mbunge wa Marekani, aliyepigwa risasi ya kichwa kule Tucson tarehe 8 Januari 2011. Risasi ilipita upande wa kushoto wa ubongo. Alipokuwa hawezi kuunganisha maneno mawili, aliweza kuimba, na nyimbo zikawa sehemu ya matibabu yake. Kwa nini? Kwa sababu wimbo haukai upande mmoja. Upande wa kulia nao una sehemu yake kubwa katika lahani na mwendo wa sauti. Na vilevile maneno tuliyoyasema mara elfu, kama kuhesabu, kusali, kusalimiana, mara nyingi hubaki pale ambapo sentensi mpya haitoki.

Mwaka 1973 wataalamu wa Boston waliandika njia yao: mgonjwa haongei, anaimba kidogo kidogo kile anachotaka kusema, kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, huku akigonga kwa mkono wa kushoto. Hebu tufanye. Wekeni mkono wa kushoto kwenye paja. Kila silabi, gonga moja. Na-o-mba-ma-ji. Tena. Na-o-mba-ma-ji. Mnaona sauti inavyopanda yenyewe kwenye "ma"? Kiswahili chetu kimegawanyika silabi silabi, na mkazo wake uko palepale kila siku, silabi ya pili kutoka mwisho. Ni kama kilishonewa zoezi hili. Na mkono ni wa kushoto kwa sababu wa kulia mara nyingi umelala, na wa kushoto unaongozwa na ule upande wa ubongo uliosalimika.

Haimfai kila mtu. Nasema mapema ili mtu asitoke hapa akaenda kuuza wimbo kama dawa. Kuna tuliogonga nao miezi na neno halikuja.

Tuje kwenye simu.

Mwaka 2020, kumbi zilipofungwa kwa corona, kwaya za watu wenye afasia kule Uingereza na Marekani zilihamia Zoom, yaani mikutano ya video kwa simu au kompyuta. Sisi tulianza vikao vyetu vya simu baadaye, na sababu yetu ilikuwa nauli. Kumtoa mtu aliyepooza kitandani, kumshusha ngazi, kumpakia bajaji, kumfikisha ukumbini, na kumrudisha, ni kazi ya watu wawili na siku nzima. Anafika amechoka, anaimba wimbo mmoja, analala. Nikasema, jukwaa limfuate.

Kikao cha kwanza tulikuwa watu tisa. Nikachagua wimbo wa harusi ambao kila mtu wa pwani anaujua. Nikasema moja, mbili, tatu, wote!

Ndugu zangu, mmewahi kusikia jogoo tisa wa mitaa tisa? Mmoja amemaliza ubeti, mwingine ndiyo anaanza, wa tatu anarudia neno moja kwa sababu mtandao umekwama. Mama mmoja akaanza kulia. Mjomba akanitazama kwenye kioo akasema, "Bado." Mara hiyo alikuwa na haki kabisa.

Nilipouliza wenye ujuzi nikaelezwa. Wapiga muziki wakichelewana zaidi ya kama milisekunde 30 hivi, huanza kuvutana. Sauti inayopita kwenye simu, kwenda na kurudi, huchelewa zaidi ya hapo mara kadhaa. Wenzetu wa nje wamepata dawa yake: kila mmoja anazima maiki, anaimba peke yake nyumbani akimfuata kiongozi mmoja. Nilijaribu. Kila mtu akaimba chumbani mwake, hasikiki na mtu. Mjomba hapo alikuwa na watu wangapi wa kumsikia? Hakuna. Hakuna tofauti na alivyokuwa jana yake.

Nilikaa wiki nzima nimenuna. Halafu siku moja nilikuwa jikoni kwa mjomba nikisikia wajukuu uani wanacheza. "Kitendawili!" akaita mmoja. Na kutoka kwenye kiti cha mjomba, sauti nzito, ya darasani, ikasema:

"Tega!"

Mkewe akaangusha mwiko. Miezi saba ya "bado", halafu "tega", safi, na herufi zake zote. Watoto hawakujua wamefanya nini. Wakaita tena, akaitika tena. Waliita mara kumi na nne, nilihesabu, na mara zote kumi na nne akaitika, mpaka machozi yakamwingia mdomoni.

Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Nilikuwa nalazimisha simu iimbe kwaya, na sisi tuna sanaa nzima ya kupokezana! Ngonjera ni nini? Huyu asema, yule ajibu. Hadithi? Paukwa, na wewe unasubiri pakawa. Kitendawili? Tega. Malumbano ya washairi, mjibizano wa kiongozi na waitikiaji, yote hayo mmoja husema na mwingine hungoja zamu. Kwenye kupokezana, mtandao ukichelewa sekunde moja, nani atajua? Watu watasema anafikiri. Mtandao unachelewa, na ubongo ulioumia nao unachelewa. Wanafaana!

Sheria yetu ikawa hii: mtu akipewa zamu, hakuna wa kumsaidia mpaka wote tumekunja vidole kumi, kimoja kimoja. Mkidhani ni rahisi, jaribuni nyumbani. Vidole kumi vya kumngoja mtu anayetafuta neno ni virefu kuliko foleni ya benki mwisho wa mwezi. Na wanaoshindwa kungoja si wageni. Ni sisi tunaowapenda. Mke anamnong'oneza mumewe mstari. Binti anajibu kabla mama hajafungua mdomo. Nimeshamtoa chumbani binti mmoja, kwa heshima zote, akakae sebuleni. Alininunia wiki mbili. Wiki ya tatu mama yake alisema jina la mtaa wao, akarudi kuniomba radhi kwa njia ya maandazi.

Niwaambie habari ya kijana mmoja wa bodaboda. Alikuwa na miaka 24. Kofia ngumu alikuwa nayo, ila ameitundika kwenye usukani. Alilala siku 11 bila kujitambua. Aliamka anaongea vizuri, anatembea vizuri, kovu lenyewe limefunikwa na nywele. Kwa hiyo mtaani wakasema anajifanya. Kumbe akiambiwa jambo sasa hivi, baada ya dakika tano halipo. Na hasira, hasira za ghafla, ambazo mwenyewe anazishangaa. Jeraha la ubongo lina sura nyingi, wazee wangu. Kiharusi ni moja. Ajali ni nyingine. Kuna homa ya uti wa mgongo, kuna malaria inayopanda kichwani, kuna kipigo cha nyumbani ambacho hakisemwi.

Tulikuwa tunatengeneza mchezo mfupi wa kesi ya mbuzi. Mimi kwa ujuaji wangu nikampangia kijana awe mlinzi anayesahau kila kitu. Nikaona nimepatia, atacheza bila kukariri. Akaniambia, "Mama, mimi nasahau bure kila siku. Na kwenye mchezo nisahau tena?"

Akataka awe hakimu. Fikirini wenyewe jinsi alivyokuwa na akili kunishinda. Hakimu anasoma kwenye karatasi, hana haja ya kukariri. Hakimu akipotea anasema, "Rudia, mahakama haijasikia," na kila mtu analazimika kurudia, kwa adabu. Kesi ile ya mbuzi ilirudiwa mpaka mshitaki akachoka. Na mstari ukimpotea kabisa, simu yake inatoa mlio mdogo: nimemwandikia neno la kwanza. Kwenye jukwaa la mbao mnong'onezi hujificha nyuma ya pazia, na mara nyingi watu wa mbele humsikia. Kwenye simu hasikiki na mtu.

Ni huyo huyo kijana aliyetunga mwanzo wa ngonjera yetu. Safu ya kwanza huita:

Ewe mwenzangu u wapi, mbona leo sikuoni?

Na safu ya pili hujibu:

Nipo tu, niende wapi, neno langu li njiani.

Hesabuni mizani. Nane kwa nane. Ameitunga kwa voisi za WhatsApp, anarekodi, anasikiliza, anafuta, anarekodi tena, siku nne. Voisi haikuharakishi, na bando inakula kidogo tu.

Kuna mama mmoja yuko Muscat. Sisi tukianza saa kumi za jioni, kwao ni saa kumi na moja. Kiharusi kilimvuta uso upande mmoja, na yeye ni mwanamke wa staha, hataki aonekane. Miezi mitano hatujamwona, kamera imezimwa, tunaona herufi ya jina lake ndani ya duara. Mara ya kwanza wenzangu wa sanaa walilalamika: msanii gani asiyeonekana? Nikawauliza, na redio je? Mama yule ana sauti ya nyimbo za harusi ambayo kiharusi hakikuigusa, na zamu yake ikifika hata kijana wetu wa hasira hunyamaza. Kama tungekuwa na ukumbi tu, mama huyu angekuja? Angekuja amejifunika mpaka macho, au asingekuja kabisa. Mimi nadhani asingekuja.

Mtaniuliza, ushahidi uko wapi? Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na waliopata kiharusi au majeraha ya ubongo wamo. Mwaka 2008 watafiti wa Helsinki walitoa matokeo ya utafiti ulioanza na wagonjwa 60 wa kiharusi. Waligawanywa makundi matatu: kundi moja lilisikiliza muziki walioupenda wenyewe, angalau saa moja kwa siku kwa miezi miwili; jingine lilisikiliza vitabu vya kusomwa; la tatu halikupewa cha kusikiliza. Kundi la muziki ndilo lililopiga hatua zaidi katika kukumbuka maneno na kuweka akili kwenye jambo moja. Kusikiliza tu, hawajaimba wala kuigiza!

Lakini msinielewe vibaya. Mkono wa mjomba umelala vilevile. Kijana bado anasahau. Na kazi yetu ina matatizo yake. Uchovu wa ubongo si uchovu wa kulima. Mtu anazimika kama taa, katikati ya sentensi. Zoom ya bure hukata dakika ya 40, nasi tulilalamika sana, mpaka tukagundua kwamba dakika ya 40 ndipo vichwa navyo vinapokata. Tukaacha kulalamika. Picha za kumetameta hatutumii, kwa sababu baadhi ya walioumia ubongo hupata kifafa, na kuna wanaochochewa na mwanga wa namna hiyo. Na simu zenyewe ni za nani? Nyingi ni za wauguzaji. Mkwe ametoka na simu, msanii amekosa onyesho. Hilo limetuharibia vipindi vingi kuliko mtandao.

Ndiyo maana nikija kwenu siombi ukumbi wala maspika. Naomba simu iwe nyumbani Jumamosi saa kumi, ina chaji, ina bando la dakika 40, na mwenye simu akubali kukaa sebuleni. Wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wachache mno. Mkibahatika kumpata mmoja, msimwache, sisi hatuchukui nafasi yake. Sisi tunampa mtu dakika 40 ambazo kuna watu wanane wanasema, "Mwalimu hajaingia, tumngoje." Mara ya mwisho mjomba kungojwa na watu ilikuwa lini?

Nimalizie na kile kitendawili mnachonidai.

Mwezi uliopita kijana aliita, "Kitendawili!" Mjomba akaitika, "Tega!" Kijana akatega: "Nyumba yangu haina mlango."

Mnajua jibu. Kila mtoto anajua. Mjomba amelifundisha miaka 30. Vidole kumi vikakunjwa. Tukakunja tena. Nikaona jasho kwenye paji la uso wake. Na hapo kijana, ambaye husahau kila kitu, akakumbuka desturi. Akasema kwa upole, "Mwalimu, basi nipe mji."

Mnaona uzuri wa mchezo huu? Wazee waliutunga wakijua kuna mtu atashindwa. Hafukuzwi, hachekwi. Anatoa mji, mchezo unaendelea. Lakini mji nao ni neno, na mjomba neno hana. Akafungua mdomo, akafunga. Dakika ya 40 ikafika, Zoom ikakata.

Usiku, saa nne kasoro, ikaingia voisi kutoka simu ya mkewe. Sekunde 19. Unasikia kwanza meza inagongwa, ta, ta. Ta, ta. Mkono wa kushoto. Unasikia mkewe anavuta pumzi, na hasemi kitu, Mungu ambariki, hasemi kitu. Ta, ta. Halafu:

"Ta-nga."

Kijana akajibu hapo hapo. "Nimeupokea mji wa Tanga, Mwalimu. Nimekaa Tanga, nimekula samaki wa Tanga, watu wa Tanga wamenipokea vizuri. Jibu ni yai."

Tukangoja. Ikaja voisi ya pili, sekunde mbili:

"Bado."

Mpaka leo hatujui alikuwa anapinga jibu, au anadai samaki.